Mwambieni anayetia mkono ndani ya maji

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala yenu ya Jumamosi iliyopita juu ya mapambo ya nyumba, ile yenye picha ya samaki-simba ndani ya akwariamu ya sebuleni. Picha ilinipendeza hata nikaikata na kuibandika ukutani kwangu, Katuba. Mliandika kwamba samaki huyo anapendeza macho, ni mtulivu, hana kelele, na kwamba siku hizi hata hapa Lubumbashi wapo wanaomfuga. Ni kweli. Lakini makala nzima ilizungumza na mtu anayeketi kwenye fotei akimtazama. Yule anayetia mkono ndani ya maji hamkumwandikia hata mstari mmoja. Mimi ndiye huyo, tangu mwaka 2017, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Niliajiriwa katika nyumba moja ya mtaa wa Golf, kazi yangu ikiwa kufua, kupiga pasi na kusafisha. Sebuleni nilikuta tangi la kioo la lita 500 juu ya meza ya chuma, maji yanazunguka, taa zinawaka, na samaki hakuna. Nikadhani patroni, mwenye nyumba, ametapeliwa. Kumbe tangi lilikuwa linakomaa. Wiki sita nzima maji yaliachwa yazunguke mpaka bakteria waote kwenye mawe na mchanga, wale wanaogeuza amonia itokayo kwa samaki na mabaki ya chakula iwe nitriti, na nitriti iwe nitrati ambayo samaki anaweza kuivumilia. Bila wao samaki hufa kwa uchafu wake mwenyewe. Hilo nilielezwa vizuri sana. Nilifundishwa kupima chumvi: gramu 35 hivi kwa kila lita, kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu kisome kati ya 1.022 na 1.025. Nilifundishwa joto, nyuzi 25 au 26. Nilifundishwa kwamba maji yakipungua kwa kukauka, unaongeza maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa kinachopanda hewani ni maji, chumvi inabaki. Yote niliyaandika kwenye daftari la shule la binti yangu. Ninalo hadi leo. Hakuna ukurasa wowote uliosema: samaki huyu ana sumu.

Alifika kwa ndege kutoka Johannesburg, ndani ya mfuko wa plastiki uliowekwa kwenye boksi la povu gumu jepesi, mrefu kama kidole changu cha kati. Mistari ya kahawia nyekundu na nyeupe, vijipembe viwili juu ya macho, na mapezi ya ubavuni yaliyofunguka kama manyoya ya ndege anayetaka kuruka. Nilisimama mbele yake na chuma cha pasi mkononi mpaka madamu akaniita mara tatu. Sijawahi kuona kiumbe kinachotembea polepole namna ile bila kuonekana mvivu.

Machi 2018, asubuhi ya Jumanne, nilikuwa nasugua mwani kwenye kioo cha nyuma kwa sponji. Samaki wengi ukitia mkono hukimbia. Huyu hakimbii. Huinamisha kichwa, akakugeuzia mgongo, akasimamisha miiba na kukungoja. Watu huogopa yale mapezi makubwa ya ubavuni, lakini hayo hayana sumu. Sumu iko kwenye miiba 13 ya mgongoni, miwili ya tumboni na mitatu ya karibu na mkia, kwa chini. Kila mwiba una mifereji yenye tezi za sumu, na umefunikwa na ngozi laini. Mwiba ukizama mwilini, ngozi ile hurudi nyuma na sumu inaingia kwenye jeraha. Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba kuna kitu kimenigusa kwenye kidole cha shahada.

Kwanza nilidhani nimejikata. Kisha maumivu yakapanda kutoka kidoleni hadi kwapani kama mtu anayevuta waya wa moto ndani ya mfupa. Nimezaliwa Kasenga, kando ya Luapula. Nimechomwa na miiba ya ngogo tangu utotoni, nimeumwa na nge mara moja. Sikuwahi kulia mbele ya watu. Siku ile nililia.

Papa sentineli, mlinzi wa nyumba, alikuja mbio na mpira wa tairi la baiskeli, akanifunga mkono kwa nguvu juu ya kiwiko. Mpishi akaleta wembe, akachanja kidole, akabandika jiwe jeusi, lile la kunyonyea sumu ya nyoka. Walifanya kwa upendo na siwasahau. Kliniki niliyopelekwa waliniuliza ni nyoka wa aina gani. Nilipojibu ni samaki, wakatazamana. Nilipigwa sindano, nikaambiwa nisubiri. Mkono ulivimba mpaka vifundo vya vidole vikapotea, usiku mbili sikulala, na wiki tatu mke wangu ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya shati. Kidonda cha wembe ndicho kilichochelewa kupona kuliko vyote.

Patroni alilipa kliniki na hakukata mshahara. Namshukuru kwa hilo. Lakini nilipomuuliza, alisema, "Nilidhani unajua." Ningejulia wapi, Bwana Mhariri? Samaki huyu ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kutoka hapa hadi bahari hiyo mtu anavuka mpaka wa Kasumbalesa, anaivuka Zambia yote, halafu anaikata Tanzania mpaka Dar es Salaam. Neno hilo moja, kwamba ana sumu, lilihitaji dakika mbili kusemwa. Nilifundishwa kila kitu kinachoweza kumdhuru samaki, na sikuambiwa kitu kimoja tu kinachoweza kunidhuru mimi.

Aliyenifundisha dawa ni dereva wa lori aliyemletea patroni mizigo kutoka Dar. Aliingia kunywa maji, akaona akwariamu, akarudi nyuma hatua mbili. "Kaka, huyu mnamfuga?" Nikamwonyesha kovu langu. Akaniuliza kama nilitumbukiza mkono kwenye maji ya moto. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaniambia kwamba kwao pwani mvuvi akichomwa, kitu cha kwanza ni maji ya moto, mengine baadaye.

Baada ya hapo nilitafuta kusoma, na nikakuta madaktari wanasema hivyohivyo. Sumu ya samaki-simba ni protini, na joto huiharibu kama linavyougandisha ute wa yai. Mkono utumbukizwe kwenye maji ya moto kiasi mtu anachoweza kuvumilia, yasipite nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, yakipoa yaongezwe mengine. Na hapa nasisitiza jambo ambalo watu hulisahau: maji yapimwe kwa mkono mzima, au na mtu mwingine. Mkono uliochomwa unauma kiasi kwamba hauwezi tena kutambua moto, na wako watu walioungua vibaya kwa kujitibu. Kipande cha mwiba kikionekana, kitolewe. Usifunge kamba. Usichanje. Halafu uende kwa daktari kuangalia kidonda na pepopunda, na uende haraka ikiwa pumzi inabana, uso unavimba au mtu anazimia. Kifo ni nadra sana kwa mtu mzima mwenye afya, kwa hiyo siandiki kumtisha yeyote. Ila maumivu yale, kumwachia mtu ayabebe usiku kucha wakati birika liko jikoni, ni jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Naona msomaji anajiuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilimpenda samaki. Baada ya kupona nilirudi kwake nikiwa na koleo refu la plastiki, na tangu siku ile mkono wangu haujaingia majini bila kujua kwanza macho yake yako wapi.

Mwanzoni alikuwa akilishwa vibaya. Patroni alipenda kuwaonyesha wageni anavyowinda, basi akawa ananituma kununua vifaranga hai vya makoke, samaki wa maji matamu, kwenye mabwawa. Ni kweli uwindaji wake ni wa kushangaza: hutandaza mapezi, humsukumia samaki mdogo pembeni polepole, wakati mwingine humpulizia maji usoni ili ageuke, halafu kufumba na kufumbua hayupo. Lakini samaki wa maji matamu hawana mafuta anayoyahitaji samaki wa bahari, na akila hao tu miezi na miezi ini lake linaharibika. Wale samaki wa dhahabu wa madukani ni wabaya zaidi, wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Alianza kukataa chakula. Ilinichukua karibu wiki tatu kumzoesha kamba wa baharini waliogandishwa: namchomeka kamba kwenye ncha ya kijiti chembamba, nakitikisa kama chenye uhai, yeye anatazama, anageuka, anaondoka. Siku ya kumi na tisa alimeza. Niliita nyumba nzima. Tangu hapo alikula mara tatu kwa wiki, kamba, ngisi, na vipande vya tomsoni tunayonunua sokoni, kwa kuwa naye ni samaki wa bahari. Alikua hadi kufika sentimita 30. Samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa waliokuwa naye tangu mwanzo walitoweka usiku mmoja, na mtoto wa patroni alilia sana. Hilo pia lisemwe kwa wanunuzi: chochote kinachoingia kinywani mwake ni chakula, na kinywa chake kinakua pamoja naye.

Gharama sitaizungumzia sana. Ndoo moja ya chumvi ya akwariamu ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Mara moja lori lilikwama mpakani, chumvi ikaisha, patroni akasema tutie ya jikoni. Nilimkatalia, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia kitu. Chumvi ya jikoni ni ladha tu ya bahari. Haina madini kama magnesi, kalisi na mengine yanayoyafanya maji yawe bahari. Tulingoja siku tisa bila kubadilisha maji, nikapunguza chakula, samaki akavuka.

Lakini usiku wa delestaji, yaani mgao wa umeme, huo niruhusuni niueleze. Ilikuwa Julai 2019. Wenyeji wa Lubumbashi mnaijua baridi ya Julai alfajiri. Umeme ulikatika saa mbili usiku, jenereta likagoma, wenye nyumba walikuwa safarini. Pampu ikisimama, hewa ndani ya maji huisha, na bakteria niliowataja nao wanataka hewa. Mimi na papa sentineli tulifunika tangi kwa blanketi, tukaelesha ndani yake chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri, na tukachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yabebe hewa, tukipokezana, usiku kucha. Papa yule alikuwa na umri wa baba yangu. Saa nane usiku aliniambia, "Mwanangu, lala kidogo, mimi namshika." Namshika, kama mtu anayesema juu ya mgonjwa. Umeme ulirudi saa kumi na moja na nusu. Samaki alikuwa chini, kwenye pembe, anahema. Saa tatu asubuhi alikuwa anatembea.

Mwaka 2021 mkataba wa patroni uliisha. Mgeni mmoja alishauri samaki akatupwe Kafubu, "arudi kwenye maji". Nilikasirika. Kumtupa samaki wa bahari mtoni ni kumuua kwa mateso. Na wenye bahari karibu wasidhani kwao ni heri. Samaki-simba alionekana Florida, Marekani, mwaka 1985, katika bahari ambayo si yake, na wataalamu wanaona walitoka kwenye akwariamu za watu. Samaki wa huko hawakumjua kuwa ni adui. Jike mmoja anaweza kutoa mayai kama milioni mbili kwa mwaka. Leo wamejaa Karibiani na Ghuba ya Meksiko na wamefika hadi Brazili, na Florida yenyewe ilipiga marufuku kuingiza walio hai mwaka 2014. Nchi yetu nayo ina pwani fupi huko Muanda, ya kilomita 40 hivi, kwenye bahari hiyohiyo ya Atlantiki. Kwa hiyo mtu asije akaondoka na mfuko wake kwenda kutembea Muanda, akaona huruma pabaya.

Nilimtafutia nyumba nyingine, Bel-Air, kwa watu waliokuwa tayari na tangi lililokomaa. Kumhamisha hutumii wavu, miiba inanasa, naye anaumia na wewe unaumia. Unazamisha ndoo, unamwongoza kwa kijiti aingie mwenyewe, taratibu. Ilinichukua saa nzima. Wenye nyumba hiyo waliniomba niendelee kumtunza, na tangu hapo natunza matangi ya nyumba nne.

Katika moja ya nyumba hizo nne mwaka jana samaki-simba wao alikufa. Kijana wa kazi, aliyetoka kijijini mwezi mmoja kabla, alimkuta asubuhi anaelea, akamtoa kwa mkono ampeleke jalalani. Akachomwa na maiti. Sumu haifi siku ileile samaki anapokufa. Lakini mimi nilikuwa nimeshabandika karatasi pembeni mwa tangi, kwa Kiswahili, herufi kubwa, na chini yake chupa ya chai yenye maji ya moto ambayo hubadilishwa kila asubuhi. Madamu wa nyumba alisoma, akamimina kwenye beseni, akapunguza ukali kwa maji ya bomba, akajaribu kwa kiwiko chake, akaushika mkono wa kijana na kuutumbukiza. Alinipigia simu wakati huohuo. Nilipofika kwa pikipiki, baada ya dakika 50, nilimkuta kijana ameketi jikoni, machozi yamekauka, anakula mkate kwa mkono wa kushoto. Kesho yake alikuwa kazini. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa parseli, yaani wa kiwanja. Nililinganisha mkono wake na wangu wa 2018.

Bwana Mhariri, sina ugomvi na gazeti lako, na sitaki watu wakatazwe kumfuga samaki huyu. Ninachoomba ni kwamba mkimwandika tena, mwandike na sumu yake, na muiandike kwa lugha anayosoma mfanyakazi, kwa sababu kitabu cha maelekezo kinachokuja na tangi huwa cha Kiingereza au Kifaransa na hukaa kwenye droo ya patroni. Na kwenu wenye nyumba: siku mnapomwajiri mtu, kabla hamjamwonyesha pasi iko wapi, mpelekeni mbele ya kioo. Mnunulieni koleo refu. Msimwambie kwamba glavu zinatosha, mwiba unapita. Wauguzi wa kliniki zetu nao, mtu akija na mkono umevimba akasema ni samaki, aminini, na chemsheni maji.

Karatasi yangu nimeiandika upya, safi, nikatoa nakala 20. Nimeziacha jana kwa mlinzi wa mlango wa ofisi yenu. Ni za bure. Anayefuga samaki-simba, au anayemfanyia kazi anayefuga, apite achukue moja, na mkia wa karatasi una nafasi tupu ya kuandika namba ya simu ya yule wa kuitwa.

Wenu,
Mtunza akwariamu,
Katuba, Lubumbashi